Diski iliyotoka ndani ya kompyuta: historia ya wingu ikisomwa toka Beni na Butembo

BENI, BUTEMBO – Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2019, ofisi ya meya wa Beni ilichomwa moto. Usiku uliotangulia raia walikuwa wameuawa mjini, na asubuhi watu wenye hasira waliingia barabarani, wakaichoma ofisi hiyo na kuvamia kambi ya MONUSCO. Mazungumzo ya siku zile yalihusu damu na usalama, na ndivyo ilivyopaswa. Lakini ofisi ya mji ni mahali pa karatasi pia: ndoa, vizazi, viwanja, risiti za kodi. Karatasi isiyo na nakala kwingine huishi muda ule ule ambao paa lililo juu yake litaishi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2021, moto mwingine uliwaka mbali na hapa, katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja la kampuni ya OVHcloud, lililojaa kompyuta zinazokodishwa kwa watu wa nchi nyingi, liliteketea lote. Hapakuwa na waandamanaji wala vita. Palikuwa na zima moto, walinzi, na umeme usiokatika ovyo. Hata hivyo wako wateja waliopoteza kila kitu, na baadhi yao walikuwa wakilipia nakala ya akiba. Nakala hiyo ilikuwa mahali pale pale pa mali yenyewe.

Mioto hiyo miwili inafaa kusomwa pamoja, maana Beni na Butembo neno «wingu» limeingia kwa njia ya simu, na wengi wanalisikia kama jina la mahali salama, huko juu, pasipofikiwa na moto wala panya. Hospitali, shule, wachuruzi wakubwa na mashirika madogo ya mtaa wanajiuliza kama wanunue sanduku la diski wakae nalo, au wakodi nafasi katika wingu. Historia ya vitu hivi viwili inaonyesha kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba sanduku lililo ofisini linaweza kufanywa kuwa sehemu ya wingu lenyewe.

Uzito wa tani moja

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC. Ndani mlikuwa na sahani 50 za chuma, kila moja pana kama sinia la kulia watu wengi, na zote pamoja zilibeba herufi karibu milioni 5. Uzito ulikaribia tani moja. Wateja waliikodi kwa dola 3,200 kwa mwezi, kwa hiyo habari ya kulipa kila mwezi ili uwekewe vitu vyako haikuanza na wingu. Leo picha moja ya simu nzuri inatosha kuijaza mashine ile.

Kwa miaka mingi baada ya hapo diski ilikuwa mali ya kompyuta moja. Kompyuta ikifa, diski inabaki yatima. Ikijaa, jirani yake yenye nafasi tupu haiwezi kuisaidia. Mwaka 1984 kampuni ya Sun ilitoa njia ya kompyuta moja kusoma mafaili yaliyo ndani ya nyingine kupitia waya, njia iitwayo NFS, na ingali inatumika. Mwaka 1992 ikaanzishwa NetApp, ambayo jina lake refu la kwanza lilitumia neno la Kiingereza la vyombo vya nyumbani kama pasi na friji. Wazo lilikuwa hilo hasa: sanduku linalofanya kazi moja tu, kutunza, ambalo unalichomeka kwenye umeme na kwenye netiweki, basi.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1988, walimu na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, waliandika makala fupi iliyobadilisha biashara yote. Walisema diski nyingi za bei nafuu zinaweza kushinda diski moja ya bei kali, mradi zipangwe ili moja ikifa nyingine zikumbuke iliyokuwa nayo. Hesabu yake mtoto wa shule ya msingi anaielewa. Diski ya kwanza ina 3, ya pili ina 5, ya tatu inaandika jumla yake, 8. Ya pili ikiungua, unatoa 3 katika 8, unapata 5. Njia hiyo inaitwa RAID, na karibu kila sanduku la diski linalopita Kasindi kwenye lori linayo.

RAID imewadanganya watu wengi, na hapa inafaa kusema wazi. Inakinga kifo cha diski moja, wakati mwingine mbili. Haikingi sanduku lililoibiwa, lililoungua, au faili iliyofutwa na karani aliyechoka. Fundi anayemwambia mteja «una RAID, huhitaji nakala» anamuuzia kofia kwa jina la nyumba.

Depo ya majina na depo ya nambari

Kuna namna mbili za kuweka vitu ndani ya sanduku la netiweki, na tofauti yake ndiyo mlango wa kuelewa wingu.

Mtu wa Butembo anajua depo. Katika depo ya kwanza yuko mtunzaji: unamwambia «nipe mabati ya mteja fulani», naye anajua yako wapi, anayaleta, anaandika. Katika depo ya pili hakuna mtunzaji. Umepewa ufunguo na chumba chenye rafu zilizoandikwa nambari, moja hadi milioni. Nini kiko kwenye rafu ya 7,000 unajua wewe mwenyewe, kwa daftari lako.

Depo ya kwanza ni hifadhi ya mafaili, ile ya NFS. Ya pili ni hifadhi ya vipande, au bloku. Diski yenyewe haijui jina la mgonjwa wala la mteja. Inajua vipande vyenye nambari, kila kimoja cha baiti 512 au 4,096. Kompyuta ndiyo inayoshika daftari la majina. Programu za hesabu za benki, za wagonjwa, za mishahara, hupenda depo ya pili, kwa sababu zina utaratibu wao wenyewe na hazitaki mtunzaji katikati.

Kwa muda mrefu depo ya namna hiyo ilihitaji waya wa pekee wa bei kali. Mwezi wa 4 mwaka 2004 kanuni iitwayo iSCSI ilikubaliwa rasmi: amri zile zile za diski, «nipe kipande cha 7,000», «andika kipande cha 7,001», sasa zinafungwa ndani ya bahasha za kawaida za netiweki na kupita kwenye waya ule ule wa ofisi. Kompyuta inaona diski mpya na kudhani iko tumboni mwake, kumbe iko chumba cha pili.

Tendo hilo la kuidanganya kompyuta kwa heshima ndilo lililozaa wingu la vipande.

Cape Town mpaka Virginia

Jambo linalosemwa mara chache: huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta, EC2, iliyofunguliwa mwezi wa 8 mwaka 2006, iliundwa kwa sehemu kubwa na kikosi kidogo kilichokaa Cape Town, Afrika Kusini. Kompyuta zilizokodishwa zilikuwa mbali, Marekani, lakini akili nyingi ya mwanzo ilitoka bara hili. Amazon ilifungua majengo yake ya kompyuta Cape Town kwenyewe mwezi wa 4 mwaka 2020 tu, miaka karibu 14 baadaye.

EC2 ya mwanzo ilikuwa na kasoro kubwa. Ukiifunga kompyuta uliyokodi, diski yake ilifutika pamoja nayo. Mwezi wa 8 mwaka 2008 Amazon ikatoa diski ya kukodi inayokaa peke yake, EBS. Unaiomba, kwa mfano gigabaiti 100. Unaifunga kwenye kompyuta hii leo. Kesho unaifungua na kuifunga kwenye nyingine, na yaliyomo yako palepale. Hifadhi ya vipande katika wingu ndiyo hiyo.

Sasa msomaji asimame kidogo. Diski hiyo ya EBS inaweza kufungwa tu kwenye kompyuta iliyo katika eneo lile lile la majengo ya kampuni. Haivuki hata kwenda eneo la jirani katika mji ule ule. Sababu ni mwendo. Bahasha ikienda na kurudi ndani ya jengo inatumia chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikipitia satelaiti ya zamani, ile iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, kwenda na kurudi kunakula karibu nusu sekunde. Programu ya wagonjwa ikitaka vipande 1,000 kimoja baada ya kingine, ndani ya jengo ni sekunde moja. Kwa satelaiti ni dakika 8, na mgonjwa amesimama dirishani. Kwa hiyo katika mambo yote ya wingu, diski ya vipande ndiyo isiyosafiri. Inaitwa wingu lakini ni chumba cha jirani.

Kinachosafiri ni picha yake. Mfumo unapiga picha ya diski ilivyo saa fulani, kisha unaipeleka picha hiyo kwenye hifadhi nyingine, pana zaidi na ya polepole. Picha inayofuata inabeba tu vipande vilivyobadilika.

Umuhimu wa picha ulionekana tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka 2011. Huko Virginia, fundi wa Amazon alikuwa akipanua netiweki, na kwa kosa msongamano wote ukaelekezwa kwenye njia nyembamba. Diski zilipotezana na nakala zake, kila moja ikaanza kutafuta mahali pa kujinakili upya kwa wakati mmoja, na nafasi ikaisha. Ilichukua siku kadhaa kupona. Asilimia 0.07 ya diski za eneo lile hazikurudi kabisa. Ni kidogo, ila kwa mwenye diski hiyo ni asilimia 100. Waliokuwa na picha mahali pengine walizifungua na kuendelea na kazi.

Wingu la kujitengenezea

Mwezi wa 7 mwaka 2010 shirika la anga la Marekani, NASA, na kampuni ya Rackspace walitangaza OpenStack, programu ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bila kulipa na kujengea wingu lake. Toleo la mwezi wa 9 mwaka 2012 lilitenga sehemu ya diski iwe huduma ya peke yake, na kuiita Cinder. Watengenezaji wa masanduku, NetApp mmoja wao, wakaandika vipande vya programu, madereva, vya kuwezesha Cinder kuzungumza na sanduku lao.

Tangu hapo sanduku la chumba cha nyuma liliweza kufanya kazi iliyofanywa na EBS. Kwa maneno ya kawaida mambo huenda hivi. Sanduku linapewa anwani isiyobadilika kwenye netiweki, na ndani yake diski zinakusanywa kuwa bwawa moja. Kwenye kompyuta inayoendesha wingu kuna faili ya maandishi. Humo fundi anaandika dereva gani atumike, anwani ya sanduku, jina na neno la siri, na bwawa lipi lichotwe. Anaiwasha upya huduma ya Cinder. Kuanzia hapo, mtu wa ofisi akiomba diski ya gigabaiti 50, Cinder inaliambia sanduku likate sehemu hiyo, liipe jina, na liionyeshe kwa kompyuta moja iliyotajwa. Kompyuta hiyo inaona diski mpya.

Neno «moja» hapo lina uzito. Kwa sababu depo ya nambari haina mtunzaji, kompyuta mbili zikifunguliwa diski ileile bila programu maalumu ya kuzipatanisha, kila moja itaandika daftari lake juu ya la mwenzake, na ndani ya saa chache hakuna linalosomeka. Mafundi wengi hujifunza hili mara moja tu maishani.

Liko pia jambo la ahadi. Sanduku linaweza kuambiwa liahidi nafasi kubwa kuliko iliyonayo, kwa kutumaini kwamba si wote watakaotumia sehemu yao. Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua biashara hiyo: kuuza mifuko 600 ya simenti wakati lori lililo njiani toka Mombasa limebeba 400. Inakwenda vizuri hadi siku wateja wote wanapokuja pamoja. Siku bwawa linapojaa, diski zote zinakataa kuandika kwa mara moja, hata ya yule aliyetumia kidogo.

Lakini shida kubwa zaidi katika miji hii miwili ni umeme. Butembo ni mji wa biashara uliokua kwa miaka mingi bila gridi ya SNEL, kwa jenereta za wenye maduka. Sanduku la diski, ili liende haraka, hupokea maandishi kwanza katika kumbukumbu ya umeme, linajibu «nimeshaandika», halafu ndipo linaandika kwenye sahani. Umeme ukikatika katikati, jibu lile linakuwa uongo, na programu ya hesabu iliyoliamini inabaki na daftari lenye ukurasa uliochanika. NetApp ya mwanzo ilitatua hili kwa kumbukumbu yenye betri yake ndani. Masanduku ya bei nafuu hayana. Anayenunua sanduku la namna hiyo aongeze ile mashine ya betri ambayo wauzaji huiita onduleur, na aunganishe waya wake wa taarifa ili sanduku lijizime lenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. Watu hununua onduleur, wanaacha waya huo ndani ya boksi. Waya huo ni rahisi kuliko kila kitu kilichotajwa humu.

Na mlango wa iSCSI, nambari 3260, usifunguliwe kamwe kuelekea intaneti. Diski za vipande ziwe na netiweki yao, hata kama ni swichi ndogo ya peke yake.

Ebola, na siku 20 bila intaneti

Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 serikali ilitangaza Ebola Mangina, karibu na Beni. Hadi ilipokwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Wakaaji wanakumbuka chanjo, ndoo za kunawa, hasira na mazishi. Wachache wanafikiria kwamba ilikuwa pia vita ya orodha. Chanjo ilipewa waliomgusa mgonjwa na waliowagusa hao, kwa hiyo jina lililopotea kwenye orodha lilikuwa mlango ulioachwa wazi kwa ugonjwa. Orodha hizo ziliandikwa Beni, Butembo, Katwa, Mangina na kwingine, na kila siku ilibidi ziunganishwe.

Tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa. Siku tatu baadaye likafuata shambulio la kituo cha Butembo. Tarehe 19 mwezi wa 4 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwenye kliniki ya chuo kikuu Butembo. Katika hali hiyo hiyo ulikuwa unaendelea utafiti wa dawa nne, ulioitwa PALM, chini ya INRB ya Profesa Muyembe pamoja na taasisi ya afya ya Marekani, katika vituo vinne: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Tarehe 9 mwezi wa 8 mwaka 2019 kamati ya usimamizi, ikiwa na habari za wagonjwa 499, iliona kwamba dawa mbili zinashinda; katika hesabu ya mwisho ya utafiti, kwa mojawapo walikufa asilimia 35.1 na kwa nyingine 33.5, wakati kwa dawa ya ZMapp walikufa 49.7. Utafiti ukasimamishwa ili wagonjwa waliofuata wapewe dawa zile mbili. Uamuzi huo ulifanyika kwa sababu habari za vitanda vya vituo vinne, viwili vikiwa vimeshambuliwa, zilikuwa zimeshatoka vitandani na kukusanywa mahali pengine.

Upande wa pili wa hadithi uko hapohapo katikati. Mwezi wa 12 mwaka 2018 tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama. Tarehe 30 wakaaji wa Beni walipiga kura yao ya mfano, kwa karatasi. Kesho yake, tarehe 31, serikali ilikata intaneti nchini kote, pamoja na ujumbe wa simu. Ilirudi tarehe 19 mwezi wa 1 mwaka 2019. Karibu siku 20, katikati ya Ebola. Aliyekuwa na sahani yake ya satelaiti alikuwa na njia. Ofisi iliyotegemea simu, na iliyoweka orodha yake katika wingu la mbali tu, ilikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya depo yake huku ufunguo ukiwa mkononi.

Kwa hiyo katika muda wa mwaka mmoja, miji hii ilifundishwa masomo mawili yanayovutana. Kituo kilichochomwa kilisema: usiweke kila kitu hapa. Intaneti iliyokatwa ilisema: usiweke kila kitu kule. Wanaotaka mtu achague kati ya sanduku na wingu wanasahau mojawapo.

Mahali pa pili

Somo la tatu lilikuja tarehe 27 mwezi wa 1 mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma. Mabenki ya Goma yalifunga milango. Gavana wa kijeshi aliyeteuliwa na Kinshasa akaweka ofisi yake Beni, na mji huo ukawa makao ya muda ya jimbo. Daftari la benki siku hizi halikai kwenye tawi; tawi ni dirisha tu, na salio la mteja liko kwenye diski nyingine mbali kabisa. Tawi likifungwa Goma, hesabu haifungwi pamoja nalo. Faili la ofisi ya serikali lililo kwenye kabati, au kwenye kompyuta moja chini ya meza, halina bahati hiyo: amri ya kuhamisha makao haihamishi kabati.

Toka mwaka 2023 nchi ina sheria yake ya mambo ya kidijitali, amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3, yenye masharti juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Ofisi inayotunza majina ya wagonjwa au ya wenye viwanja inaguswa nayo, iwe imekodi nafasi Cape Town au imenunua sanduku sokoni.

Kwa ofisi ya kiasi, jibu ambalo historia hii inaelekeza si la gharama kubwa mno. Diski ya vipande ikae jengoni, karibu na programu inayoitumia, ili kazi iendelee hata intaneti ikikatwa siku 20. Picha zake zitoke kila usiku kwenda mahali pa pili. Njia ya kutokea ndiyo ya kupigia hesabu kwa unyofu. Terabaiti moja kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua siku 9 na zaidi, ikiwa laini haikatiki, na laini hukatika. Lakini hiyo ni picha ya kwanza tu. Zinazofuata, zenye mabadiliko ya siku moja, zinaweza kuwa ndogo za kupita usiku.

Picha ya kwanza inaweza kwenda kwa barabara. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 54. Diski ya terabaiti moja ndani ya mfuko, kwa mwendo wa saa mbili, inapitisha zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde, kasi ambayo ofisi nyingi za hapa hazijawahi kuiona kwenye waya. Barabara hiyo ina mashambulio yake, kila mtu anajua, kwa hiyo diski ifungwe kwanza kwa neno la siri ambalo msafiri halijui. Aliyeinyang'anya atapata chuma tu. Ofisi ya Beni itunze nakala ya mwenzake wa Butembo, na ya Butembo itunze ya Beni.

Inabaki kazi ambayo wateja wa Strasbourg hawakuifanya kabla ya moto. Kila baada ya miezi mitatu, mtu achukue ile nakala iliyoko mji wa pili, aifungue kwenye kompyuta nyingine isiyohusika na ya kwanza, atafute jina moja la mgonjwa au kiwanja kimoja, alinganishe na lililoko ofisini, na aandike tarehe na sahihi yake katika daftari la karatasi.